Mguu wa Kulia, Gurudumu la Kushoto

Lusu, Jumatatu 6 Mei 2024

Mwenyekiti Ngollo ana daftari ambalo ananiandika humo, kwa hiyo nami nimenunua langu. Langu ni nene kuliko lake. Tutaona nani atalijaza kwanza.

Jambo lenyewe ni hili. Mimi Silasi Lugembe nimeendesha Isuzu, lori la kikundi cha wakulima wa mpunga hapa Lusu ambacho Ngollo ndiye mwenyekiti wake, kwa miaka kumi na tisa, na kabla ya hapo niliendesha magari ya watu miaka kumi na miwili. Jumla thelathini na mmoja. Nimegonga kuku mmoja tu, mwaka 1998, naye aliingia mwenyewe. Leo asubuhi, mbele ya wapakizi, Ngollo ameniambia kwamba mguu wangu wa kulia una tabia ya kulala juu ya breki, ndiyo maana gurudumu la mbele kushoto linawaka moto kila safari. Alisema taratibu, na kabla ya kusema aliniamkia. Hiyo shikamoo ndiyo iliyonichoma. Mtu akikutukana bila salamu unajua la kumjibu.

Nikamwambia mguu ukilalia breki yanachemka magurudumu yote, haliwezi kuchemka moja. Akasema yeye si fundi, akaandika.

Niandike na la pili, maana humu hasomi mtu. Ngollo ana binti, Julieth, miaka ishirini na minane, mwenye leseni ya magari makubwa. Alirudi kutoka chuo cha ufundi Januari. Lusu nzima ina lori moja. Mwenye macho haambiwi tazama.

8 Mei

Safari ya kwanza ya msimu, magunia themanini kwenda mashine ya kukoboa Ipuli, Tabora mjini. Usukani unavuta kushoto kama ng'ombe aliyeona maji. Kufika Puge kabini yote inanuka kuungua. Nikashuka, nikalowesha kidole kwa mate, nikagusa kitovu cha gurudumu. Chaa! La kulia lilikuwa la baridi kabisa. Tukamwagia maji, tukasubiri, tukaenda. Najua kwamba chuma cha moto ukikimwagia maji kinapasuka, na bado nilimwaga. Haraka haina baraka ila mpunga nao haungoji.

9 Mei, Ipuli

Nimelala nyumbani kwangu, hapahapa Ipuli. Asubuhi Levina, mke wangu, amenikuta bombani na ndala moja tu, ya kushoto. Ya kulia ilibaki kizingitini na sikujua. Tumecheka. Kasema nimeanza kuzeeka kwa upande mmoja.

10 Mei

Ng'ambo ya Tabora mjini, kwa fundi Mfaume. Mfaume ni Mzaramo, alikuja Tabora na treni miaka ishirini iliyopita akasahau kurudi. Mimi Mnyamwezi. Tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na pembe za ndovu kichwani, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani hadaiwi adabu. Kabla sijazima injini alishaanza.

"Mababu zako walitembea miezi mitatu mpaka pwani na mizigo," akasema, "wewe kunyanyua mguu mmoja tu kwenye breki kumekushinda?"

Gereji nzima ikacheka. Nikakaa kwenye kiti chake nikanywa chai yake yote, ni haki yangu. Kumbe habari za Ngollo zilishamfikia. Wapakizi wana midomo.

Alifungua gurudumu. Viatu vya breki vimeungua vikawa vyeusi kama mkaa. Ameweka vipya na springi mpya za kuvirudisha nyuma mguu unapoachia. Kasema kazi imekwisha.

14 Mei

Safari mbili bila moshi. Ngollo hana la kuandika.

17 Mei

Limerudi. Puge ileile, harufu ileile.

20 Mei

Ngollo ameamua Julieth awe anapanda nami, "akusaidie kuangalia gari, mzee wangu". Mlinzi wa mfungwa naye huitwa msaidizi. Binti kaniamkia, nikamwitikia marahaba, kisha kutoka Lusu mpaka Tabora akawa anaitazama miguu yangu. Au mimi ndiye niliyeona hivyo. Nilipofika shingo ilikuwa imekakamaa kwa kujizuia nisimgeukie.

Usingizi haukai. Nikifumba macho naendesha.

24 Mei

Tena kwa Mfaume. Safari hii amefungua silinda ndogo iliyo ndani ya gurudumu, inayosukuma vile viatu, kabadilisha mipira yake, katoa upepo kwenye mafuta. Kisha akataka tulijaribu gari, akakaa kushoto, tukazunguka mpaka karibu na stesheni na kurudi. Njiani hakusema kitu. Tulipoingia gereji akatangaza kwa sauti: "Jamani, mguu wa kulia wa Mnyamwezi umeshafariki. Tunangoja ukoo ufike tuzike. Sanda naitoa mimi."

Nikacheka hadi machozi. Nikamwambia sanda ya Mzaramo haifiki kaburini, itauzwa njiani. Uzuri wa utani ndio huo, neno linapita kama upepo na hakuna anayelishika.

27 Mei

Upepo mtupu. Vumbi hadi kwenye ugali.

28 Mei

Mvua. Mwisho wa Mei, mvua! Mpunga ulikuwa umetandazwa kwenye maturubai kandokando ya barabara, kijiji kizima kimekimbia na vikapu. Magunia mengi yamelowa. Yasipofika kwenye mashine yenye sakafu ya kukaushia ndani ya siku chache yataota humohumo. Watu wote wananitazama mimi, na mimi nalitazama gurudumu.

30 Mei

Leo nusura niwachome watu.

Tulipakia magunia yaliyolowa, mazito, na juu yake wakapanda kina mama sita waliotaka kusimamia mpunga wao wenyewe. Hatujafika hata Nzega, Apolinaria akaanza kugonga paa la kabini kwa ngumi. Huyu ni mjane mwenye shamba linalopakana na la Ngollo, na si mwoga. Nikaangalia kioo cha pembeni, sikuona barabara, niliona moshi. Tairi la mbele kushoto lilikuwa limeanza kushika moto.

Julieth aliruka kabla sijasimama sawasawa. Alimwaga mchanga kwa mikono miwili, kisha kwa kitenge, kisha kwa ndoo aliyorushiwa kutoka juu. Kina mama wakashuka kwa kutelezea magunia. Hakuna aliyeumia. Apolinaria alikaa chini barabarani akashika kichwa, akasema kwa Kisukuma kwamba watoto wake wana mzazi mmoja tu. Hakunitazama aliposema, na hakuhitaji kunitazama.

Nimekuwa nikiapa moyoni kwamba sikuigusa breki tangu tuondoke. Lakini jioni hii, nikijaribu kukumbuka mguu ulikuwa wapi, sikumbuki. Naukumbuka usukani, naukumbuka upepo dirishani. Mguu siukumbuki kabisa.

Jioni kikao kwenye uwanja wa kupuria. Kulikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza, kuiua breki ya gurudumu lile: unaponda paipu yake kwa nyundo, mafuta hayafiki, halishiki tena. Malori mengi hutembea hivyo. Nikakataa. Lori lenye breki upande mmoja wa mbele, siku ukikanyaga kwa nguvu linakupeleka mtaroni. Julieth akainua mkono akasema baba Silasi anasema kweli. Nilichukia zaidi. Sikumwomba anitetee.

La pili ni kubadilisha dereva. Ngollo kasema tungoje mpaka Jumapili ya tarehe tisa baada ya ibada. Ubovu ukionekana kwenye gari, yamekwisha. Usipoonekana, basi uko kwa dereva.

2 Juni, Jumapili, Ipuli

Sikwenda kanisani. Levina aliniwekea beseni la maji nikande miguu. Nikatumbukiza yote miwili. Wa kushoto uliruka nje wenyewe. Wa kulia ukabaki ndani, umetulia.

Levina akaukazia macho. Akatia kidole kwenye maji, akakitoa haraka.

"Baba Ezekia, huo mguu unausikia?"

Nikamwambia nausikia, maji si ya moto kiasi hicho. Mpaka saa nane malengelenge yalikuwa yamejaa kisiginoni. Tumeoana miaka thelathini na mitatu na sidhani kama nimewahi kumdanganya mchana kweupe namna hiyo. Miaka mitatu iliyopita waliniambia zahanati nina sukari, wakanipa vidonge, wakanionya kuhusu miguu. Vidonge nameza nikikumbuka.

Kwa hiyo inawezekana Ngollo ana haki. Inawezekana mguu wangu unalala pale juu na mimi sina habari. Nimezunguka uani kama pia. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa.

5 Juni

Niandike yote kwa mpangilio.

Magunia yaliyobaki yameanza kunuka. Nilikuwa uwanjani peke yangu na gari, nimekaa kwenye ngazi ya kabini, nikijiandaa kumwambia Ngollo achukue ufunguo bila kungoja Jumapili. Julieth akaja na jeki na spana mbili. Akaniamkia, akaomba nimruhusu kujaribu kitu kimoja. Nikamwambia gari ni la baba yako, sikuandikiwa mimi. Akaingia chini ya gari.

Akanyanyua upande wa kushoto kwa jeki mpaka tairi likaning'inia. Likazunguka kwa mkono, jepesi. Akaniomba nipande nikanyage breki mara moja, niachie, kisha nishuke kabisa.

"Shuka, baba, uje usimame hapa," akasema. "Nataka mguu wako uwe ardhini."

Nikashuka. Nikasimama karibu naye, miguu yote miwili kwenye vumbi. Akalishika tairi akajaribu kulizungusha. Haliendi. Nikamsaidia, haliendi. Hakuna mtu kabini, hakuna mguu wowote kwenye breki, na gurudumu limebanwa kama limefungwa mnyororo. Nilitaka kupiga kelele kijiji kizima kije kuona. Nilichofanya ni kukaa chini.

Akasema hatujamaliza. Akafungua kidogo ile nati ya kutolea upepo, nyuma ya gurudumu. Mafuta yakaruka, yakampiga shavuni, na tairi likaachia hapohapo. Kumbe viatu ni vizima, springi nzima, silinda nzima. Kuna mafuta yanakwenda gurudumuni na hayarudi.

Sasa yanazuiwa wapi? Akafunga ile nati, nikapanda nikakanyaga tena, nikashuka. Tairi likabana. Safari hii akalegeza kiungo cha juu, pale paipu ya chuma inapokutana na mpira wa breki, ule mpira mweusi unaopeleka mafuta gurudumuni. Kama kizuizi kingekuwa juu ya pale, tairi lingeachia. Halikuachia. Basi kizuizi ni mpira wenyewe.

Tukaufungua. Kwa nje hauna kosa, mweusi, mzuri, nimeufuta kwa tambara miaka mingi. Julieth akaukata kwa kisu. Ndani ulikuwa umevimba na ngozi yake imebanduka, imekaa kama kilango kinachofunguka upande mmoja. Ukikanyaga kwa nguvu unasukuma mafuta yapite. Ukiachia, kilango kinajifunga. Tumebadilisha kila kitu pembeni yake, na mpira wenyewe hakuna aliyeufikiria.

Nikamuuliza kwa nini anafanya haya, wakati nikiondolewa mimi kiti ni chake. Alikuwa anafuta mafuta shavuni kwa kiwiko.

"Nikikipata kiti nataka nikipate na gari zima," akasema. "Na sitaki watu waseme nilikipata kwa uongo wa baba yangu."

Nimekuwa nikimwita mlinzi wa mfungwa kwa wiki mbili na zaidi, kichwani. Naona haya.

7 Juni

Mfaume ameleta mpira mpya yeye mwenyewe kwa basi, kaufunga, katoa upepo, kabadilisha na wa kulia kwa tahadhari. Alipouona ule uliokatwa akasema kwa Mnyamwezi hata mpira unajifunza ubishi. Amekula kuku wangu mzima.

9 Juni, Jumapili

Julieth aliuonyesha mpira mbele ya kikao, ukapita mkono kwa mkono. Apolinaria aliutia kidole ndani. Ngollo alisimama akaniomba radhi kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, na kikao kikapitisha niendelee misimu mitatu mingine, Mungu akipenda. Wakapiga makofi. Nilipokea. Nilikuwa na soksi mbili mguu wa kulia kwa sababu ya malengelenge, na nilipokea.

11 Juni

Gari limekuwa jepesi kama limevua mzigo. Magunia yaliyolowa yote yameondoka. Machache yameota, mengi yamepona.

14 Juni

Kuna kitu.

Zamani nilikuwa nikitaka kupunguza mwendo naachia moto tu, ile pedali ya mwendo, gari linajizuia lenyewe. Nilidhani ndiyo tabia yake. Sasa naachia na gari linaendelea, linateleza tu, mpaka nikanyage. Na nikikanyaga sijui nimekanyaga kiasi gani. Najua baadaye, mwili ukisukumwa mbele au usiposukumwa.

Nimepiga hesabu ya miaka. Ile breki iliyokuwa haiachii ilianza polepole, labda tangu mwaka juzi. Na mguu ulianza kufa polepole, tangu mwaka juzi. Vimekwenda pamoja. Breki mbovu ilikuwa inanifanyia kazi ya mguu, ikinificha, hata kwangu mwenyewe.

17 Juni

Baridi kali asubuhi. Naendesha nikitazama mguu, kisha barabara, kisha mguu. Julieth hapandi tena, baba yake amemwondoa kwa heshima yangu.

19 Juni

Nimelala saa mbili. Nimemwambia Levina ni upepo.

21 Juni

Narudi kutoka Tabora, gari tupu, saa kumi alasiri. Pale barabara inapoteremka kuingia uwanjani Lusu wanawake walikuwa wametandaza mpunga, mavuno ya mwisho, maturubai matano pembeni mwa barabara. Apolinaria alikuwa amepiga magoti katikati ya la kwanza akiugeuza kwa mikono.

Nikaachia moto. Nikakanyaga breki. Gari halikupunguza. Nikakanyaga zaidi, kwa nguvu zangu zote, nikajihisi paja linakaza, na gari linateremka. Nikatazama chini. Mguu ulikuwa umekanyaga sakafu, kando ya pedali, umekaza kwelikweli, unasukuma bati. Mimi nilikuwa na hakika uko kwenye breki. Ningeapa kwa Biblia.

Nilivuta breki ya mkono na kukata usukani. Gari likapanda turubai la kwanza, likasimama. Apolinaria alikuwa ameinuka kwenda kuchukua reki. Alama mbili za magoti yake zilikuwa bado kwenye mpunga, hatua moja mbele ya tairi.

Hakupiga kelele. Alikuja mpaka dirishani akaniuliza, baba, umeumia?

Watu wakajaa. Hakuna aliyenitazama vibaya hata mmoja, na hilo ndilo linalonitafuna. Mguu wa mzee walishausafisha kwenye kikao. Wote wakainama kuangalia chini ya gari. Mmoja akasema mpira mpya ni feki, mwingine akasema fundi wa Ng'ambo kafunga vibaya. Ngollo akamgeukia binti yake mbele ya wote, akamuuliza nani alimtuma kufungua breki za watu, chuo cha miaka miwili kinamfanya fundi? Julieth akachukua spana akaingia chini, kwenye vumbi na mpunga, kutafuta ubovu ambao haupo.

Nilibaki nimesimama.

22 Juni

Sijasema.

Julieth amekuwa chini ya gari tangu asubuhi. Ameshafungua magurudumu manne.

23 Juni, Jumapili

Mfaume amepiga simu. Ngollo alimpigia jana kwa maneno makali, na habari imefika Ng'ambo kwamba gereji yake imetaka kuua mama wa watu. Nilipokea nikiwa tayari na tusi langu la kumkaribisha.

"Shikamoo, mzee Silasi," akasema.

Miaka ishirini hajawahi kuniamkia. Nimemzidi umri kwa mwaka mmoja tu. Akaniuliza kwa upole kama ni kweli breki zilikata, akasema ikiwa ni kweli atafunga gereji mpaka ajue alikosea wapi, maana hawezi kulala. Hakuna Mnyamwezi, hakuna pembe, hakuna sanda. Nilitamani anitukane. Mtani akianza kukuheshimu, ujue amefiwa au wewe umemfia.

Na lile neno lake la mwezi uliopita, la mguu na mazishi, lilikuwa ni neno la fundi aliyekaa kushoto kwangu akaona. Alinipa kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na mimi nikalicheka kwa sababu ndivyo tunavyofanya sisi.

Nikamwambia breki hazikukata. Akasema, "Basi waambie wewe, mzee."

24 Juni

Nilimwomba Ngollo akusanye watu uwanjani saa nne. Wakakaa kwenye turubai, lilelile lenye alama za tairi. Julieth alikuwa bado na grisi mpaka viwikoni. Nikasema: gari ni zima, mpira ni mzima, fundi hana kosa, huyu binti hana kosa. Mguu wangu umekufa ganzi kwa sukari, nilikanyaga sakafu nikidhani ni breki.

Hawakuniamini.

Nilipokuwa sina kosa walisema ni mguu. Leo nasema ni mguu, wanasema mzee ana roho nzuri, anamfichia mtoto. Ngollo akasimama, macho yamemlowa, akasema huu ndio utu wa wazee wetu, lakini nisimlee Julieth kwa kumfunika. Wengine wakaitikia kwa kichwa. Nikamwona Julieth ameinamisha uso, na nikaelewa kwamba nikikaa sasa, atabeba hili mpaka uzeeni kwake, na mimi nitashika usukani misimu mitatu.

Pale kwenye magunia kulikuwa na shazia, ile sindano ndefu ya kushonea. Nikaichukua. Nikavua kiatu cha kulia na soksi zote mbili. Nikakaa kwenye turubai, nikanyoosha mguu mbele yao na malengelenge yake. Nikamwambia Ngollo: mimi nafumba macho, wewe choma unapotaka, nikihisi nitasema. Akarudi nyuma. Akasema hawezi kumchoma mtu mzima aliyemzidi umri.

Nikamnyooshea Julieth. Akalitazama lile shazia muda. Kisha akalipokea, akalifuta kwa upindo wa kitenge chake, akapiga magoti. Nikafumba macho.

Nikangoja. Nilisikia upepo ukipiga turubai, nilisikia mbuzi, nilisikia mtu akivuta pumzi. Nilijua anasita, na sikumlaumu, ni mtoto wa watu. Nikangoja zaidi. Mwishowe nikasema kwa upole, ili asiogope, "Anza basi, mwanangu. Watu wana kazi zao."

Sauti yake ikatokea karibu sana na goti langu.

"Nimeshamaliza, baba."

Nikafumbua macho. Matone matatu ya damu, kutoka kidoleni mpaka kisiginoni, na la tatu lilikuwa limeshafika kwenye mpunga uliobaki turubaini. Apolinaria alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikautia kwenye kiganja cha Julieth, nikamfunga vidole.